Nahodha Msaidizi

Hadithi ilikuwa mbovu. Mhariri alisoma kurasa za mwanzo, akavua miwani, akaisafisha kwa pindo la gauni na kuivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la kioo. Wapi! Mbovu ikabaki mbovu.

Na haikuwa ya mtu wa kuokota. Ilikuwa ya Kapteni, kama watu walivyomwita mzee aliyeandika mfululizo wa riwaya za anga, Wasafiri wa Zohari, tangu mhariri mwenyewe akiwa msichana wa shule, kitabu baada ya kitabu. Wasomaji walimpenda kwa rangi zake: machweo matatu kwa siku moja, vumbi la dhahabu likianguka juu ya barafu ya buluu. Sasa kampuni ya uchapishaji imemwomba hadithi fupi tu, ya kuusherehekea mfululizo huo, naye ameleta hiki: chombo kinakata anga gizani, hakuna dirisha, hakuna nyota. Watu wanasikia milango ikifungwa na kunusa mafuta, basi.

"Mgema akisifiwa..." alisema msanifu kurasa kwenye meza ya pili, wala hakumalizia, maana tembo lenye maji lilikuwa pale mezani.

"Usimseme mzee wangu," mhariri akamjibu, ingawa hasira ilikuwa imempanda hata yeye.

Kapteni alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, mjane asiye na mtu. Tangu mume wa mhariri ahamishiwe kazi mbali, mzee huyo ndiye aliyekuwa akimpeleka binti yao shuleni na kumrudisha, kwa kigari chake cha zamani, na ukitaja habari ya kumlipa mafuta ananuna. Utamkosoa vipi mtu kama huyo? Lakini kazi ni kazi. Akachukua kalamu nyekundu.

Aya moja nzima haikusomeka. Herufi zilikuwa vurugu tupu, kisha aya iliyofuata ikatengemaa kama kawaida. Mhariri aliikodolea macho, akatazama kibodi yake, akaelewa: vidole vya mzee vilianzia kitufe kimoja pembeni ya panapostahili, vikaenda hivyo hivyo mpaka mwisho na mwenyewe asishtuke. Uzembe gani huu! Hata kuangalia alichoandika hakuangalia. Akaandika pembeni: "Ulikuwa umelala?"

Mbele kidogo katika hadithi, nahodha alikuwa kwenye usukani, mtoto ameketi kando yake.

"Mbele kuna nini?" nahodha akauliza.

"Nyekundu, Babu."

Nahodha akapunguza mwendo. "Na sasa?"

"Kijani."

Mhariri alicheka kwa dharau. Taa za barabarani huko Zohari! Akaipiga mstari sehemu yote, akaandika: "Nahodha gani huyu asiyetazama mwenyewe?"

Kalamu ikabaki hewani. Babu? Katika vitabu vyote vile hakuna aliyewahi kumwita nahodha babu. Aliyekuwa akimwita Kapteni babu ni binti yake mwenyewe, na wiki iliyopita tu, mdomo umejaa chakula, alikuwa akijisifu: "Mama, mimi ni nahodha msaidizi. Babu akiniuliza, namtajia rangi. Ndiyo maana nakaa mbele."

Yeye alicheka. Alimpongeza hata! Sasa mengine yakaja yenyewe. Mzee kumimina chai huku kidole kimo ndani ya kikombe, naye akadhani ni uzee na uchafu. Mzee kutoitikia akipungiwa mkono getini mpaka asikie sauti. Usilolijua ni usiku wa giza, walisema wahenga, lakini mhariri alilijua sasa na giza likazidi.

Akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Kapteni hakupokea simu akiwa anaendesha, na kwa hilo mhariri alikuwa akimsifu mbele za watu. Akapiga shuleni, haikupokelewa. Watoto walikuwa wanatoka.

"Unakwenda wapi?" msanifu aliuliza. Mhariri alikuwa tayari kwenye ngazi.

Alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona na kumwambia dereva akimbize, kuna mtoto. Kwenye kona ya shule kulikuwa na foleni, akashuka akakimbia. Mlinzi wa geti alimwonyesha kwa kidole: "Ametoka na babu yake sasa hivi, mama. Wale pale."

Kigari kilikuwa kinakuja polepole kuelekea barabara kuu, pale malori yanapopita. Mhariri aliingia katikati ya njia, akanyanyua mikono yote miwili.

Aliwaona vizuri. Binti yake alikuwa kiti cha mbele, begi mapajani. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa upande wa mtoto, anatega sikio, na macho yake, wazi kabisa, yalimwelekea mhariri pale alipo. Alikuwa anatabasamu. Gari halikupunguza mwendo.

"Kapteni! Simama!"

Vioo vilikuwa vimefungwa. Binti alimwona mama yake, akafurahi, akampungia mkono. Akili ilimwambia mhariri ruka, miguu ikagoma. Bampa likampiga magotini, akaangukia boneti kwa viganja, na ndipo breki zikalia.

Mzee alishusha kioo. Hakumuuliza yeye, alimgeukia mtoto. "Nimegonga nini?"

"Umemgonga mama, Babu."

Mhariri alizunguka kwa kuchechemea, akapitisha mkono dirishani, akazima gari na kuchomoa ufunguo. Mzee hakumzuia.

"Umeisoma," alisema.

"Nimeisoma."

"Kukwambia kwa mdomo nilishindwa, binti yangu. Ungemchukua. Nyumba ile haina sauti nyingine."

Mhariri alimhurumia, na alitaka kumzaba kofi, yote kwa pamoja. Akamtoa mtoto garini, akamkumbatia mpaka akalalamika anabanwa.

"Uliniona nimesimama," alimwambia. "Kwa nini hukumwambia Babu?"

Binti alimtazama mama, akamtazama mzee, kama mwanafunzi aliyeulizwa somo la darasa lisilo lake.

"Babu amenifundisha taa na magari," alisema. "Watu bado."