Mwiko wa Wepukhulu

Siku ya harusi ya Nangila, mwaka wa 1940, mama yake Nasambu alikuwa nje ya nyumba yao katika shamba la mzungu, karibu na Sisibo, kama watu walivyouita mji wa Eldoret, akisonga ugali kwenye sufuria kubwa la kuazima. Furaha ilimzidi hata akawa anaimba nyimbo za upande wa bwana harusi. Alisonga kwa mwiko wa ukoo. Babake, marehemu Wepukhulu, aliuchonga kutokana na ubao wa meli iliyozama na wapagazi wa vita vya Mjerumani. Yeye aliushikilia ubao huo mpaka akafika nchi kavu. Wenzake hawakupata cha kushika, akiwemo mwanawe Shitanda.

Ugali ulipoiva, waliozama walifika. Walikuja wakichuruzika maji, kila mmoja na kibati cha namba shingoni, wakaomba radhi kwa kuchelewa. Wanawake wakaongeza unga. Shitanda, kaka mkubwa wa Nasambu, sasa alikuwa rika la Nangila.

"Umekonda," Nasambu alimwambia.

"Huko ni chumvi tupu, dada."

Alimpa shati kavu, nalo likalowa papo hapo. Kwa kuwa Nangila hakuwa tena na baba wala babu, Shitanda ndiye aliyemshika mpwa wake mkono mpaka mbele ya mchungaji. Baadaye nyuzi za litungu zikalia. Waliozama wakatikisa mabega hadi uwanja mzima ukawa matope, wageni wakavua viatu ili wacheze vizuri, naye Nasambu akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Alasiri lori la serikali likaingia. Kulikuwa na vita vingine, na afisa alitaka vijana wenye nguvu. Kipkemboi, nyapara wa shamba, akamweleza kwa upole kwamba Nyongesa, bwana harusi, ameoa leo hii. Afisa akaagiza Nyongesa apande. Kisha akamwonyesha Shitanda kidole.

"Mimi nilishakufa kwenye vita vya kwanza, bwana," Shitanda akasema.

Kipkemboi akatafsiri. Afisa akauliza kama mabega yake ni mazima.

Yalikuwa mazima. Kila mtu alikuwa ameyaona.

Waliozama wakapanda bila kusukumwa, wakamfundisha Nyongesa jinsi ya kukaa ili miguu isife ganzi. Nangila akamfungia mumewe ugali kwenye jani la mgomba. Lori likashika njia ya stesheni polepole, likisimama kwenye kila shamba ambako litungu lilikuwa likilia.