Maembe ya Shimoni

Ida hakuwa na mchezo na funza. Nyuma ya nyumba yake pale Mshangano palikuwa na miembe, mipera na mipapai, na kila asubuhi, kabla hata ya chai, alikuwa anaokota kila tunda lililoanguka na kulifukia shimoni. Alijua kwamba tunda bovu likiachwa juu ya ardhi nzi huzaliana humo, kisha wanahamia kwenye yale mazuri mtini. Ndiyo maana mgeni aling'ata embe la Ida bila kulichungulia kwanza, na hiyo ilikuwa fahari yake.

Basi mumewe, Sixbert, alipomwambia, "Mama Jane, kazi ya kufukia niachie mimi," Ida nusura alie kwa furaha. Tangu shirika alilokuwa akifanyia kazi lipunguze wafanyakazi, mwanamume huyo alikuwa anashinda kibarazani akilalamika. Sasa kila kukicha alibeba ndoo na jembe, akateremka bondeni kulikokuwa na shimo. Ida akamsifia mpaka kwenye jumuiya ya kanisani.

Siku binti yao Jane alipopata kipaimara, jirani yao Kajetani alileta zawadi ya dumu zima la juisi ya embe. Miaka ile ya ruksa nani hakuwa mfanyabiashara? Kajetani alikuwa amefungua kibanda cha juisi Mjimwema. Wageni wakanywa, wakajilamba midomo.

"Mshukuruni shemeji Ida," Kajetani akasema kwa sauti. "Maembe ni ya hapa hapa. Baba Jane ananiletea kila asubuhi."

Ida alikuwa na juisi mdomoni. Msimu ule alikuwa hajachuma hata embe moja. Yaliyokuwa mtini yalikuwa bado mabichi, magumu. Kilichotoka uani kwake kila asubuhi kilikuwa kwenye ndoo: maembe meusi, yanayovuja maji, ukiyabinya funza wanachomoza vichwa. Akaitema juisi kwenye kanga yake. Akahisi ulimi wake mwenyewe unatambaa.

Akamtafuta mumewe kwa macho. Sixbert alikuwa ameketi na glasi ya maji.

Kando yake Jane, ndani ya gauni lake jeupe, alikuwa amemaliza juisi yake na anataka nyingine. Sixbert akashika jagi. Akalitazama, akawatazama wageni, akammiminia mwanawe.

Hapo Ida alichukia kuliko alivyowahi kuchukia kitu chochote chenye funza. Alikwenda moja kwa moja, akampokonya Jane ile glasi kabla haijafika mdomoni, akamkabidhi Sixbert.

"Kunywa, baba Jane."

"Tumbo langu haliko sawa leo."

"Kunywa. Au waambie wageni yale maembe ya kufukia unayapeleka wapi."

Kajetani akaanza kutafuta kofia yake, ambayo ilikuwa kichwani. Sixbert akainua glasi, ikafika kidevuni, harufu ikampiga, akageuza uso.

"Ida, siwezi," akanong'ona. "Unajua kabisa siwezi."

Jane alikuwa anamtazama baba yake, midomo bado ina rangi ya njano.

"Sasa baba," akauliza, "mbona mimi umenimiminia?"