Siku Kumi na Tatu za Papa Zénon

Larissa alikuwa ameshashukuru mapema, na hapo ndipo alipojiponza. Jumapili mama yake, Mama Immaculée, alisimama kanisani na kitenge kipya, akatangaza kwamba binti yake amemaliza miaka mitatu ya mkataba na mkopo wa masomo umefutwa. Wakaimba, wakacheza, wakapika sombe, kisamvu cha kwao, ya kutosha ghorofa nzima. Hakuna aliyeuliza barua iko wapi. Watu wa Albert Park, hapa Durban, wakipata cha kushukuru hawangoji barua, na nani awalaumu?

Jumatano Larissa akaitwa ofisi ya mfuko uliomkopesha, katika mtaa ambao manispaa ilishaubadilisha jina lakini kila mtu aliendelea kuuita Smith Street. Aliyempokea alikuwa Bi Truphosa, Mkenya mwenye miwani myembamba, aliyeshughulikia mafaili ya wakopaji. Alimsalimia kwa Kiswahili. Larissa akafurahi, akidhani Kiswahili ni dalili njema.

"Keti, Larissa. Wacha nikwambie ukweli, nimehesabu mara tatu. Mkataba unataka siku mia tano na sabini za kazi. Wewe uko na mia tano hamsini na nane. Umepungukiwa na kumi na mbili."

"Ni ule mgomo wa mwaka jana, Madam. Shule ilifungwa, geti likatiwa mnyororo. Ningeingilia wapi?"

"Mgomo naujua, hata watoto wangu walikaa nyumbani. Lakini si mimi niliandika hizi sheria. Siku zikipungua, hata moja, mkopo wote unarudi kuwa deni. Wote. One hundred and eighty-six thousand rand, na riba juu."

Larissa aliogopa. Ukweli ni kwamba hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na minane, alikuwa na kazi, angelipa mpaka azeeke. Lakini kwenye ukurasa wa mwisho wa mkataba, mahali pa mdhamini, palikuwa na sahihi ya mama yake, msusi wa nywele, mali yake yote viti vitatu vya saluni na mashine moja ya kukaushia. Mfuko ungeanza na nani? Herufi ndogo zilisema wazi: ungeanza na mdhamini.

Mkopo wenyewe haukuwa mtego, tuseme haki. Larissa aliingia Durban akiwa na miaka tisa, amebebwa nusu ya safari, akasoma, akafaulu, akataka kuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, yule anayemfundisha mtoto aliyezaliwa na miguu mizito jinsi ya kukaa, kusimama, hatimaye kutembea. Wataalamu hao shule maalumu zilikuwa zinawatafuta kama sindano, kwa kuwa wakihitimu hukimbilia hospitali za watu wenye pesa. Ndipo mfuko ukaja na mpango wake: tukukopeshe usome, kisha utufanyie miaka mitatu katika shule tutakayokupangia, tufute kila senti. Larissa akapangiwa shule moja upande wa Jacobs, katikati ya viwanda, ambako moshi ulifika darasani kabla ya walimu. Akaipenda. Angeifanya hiyo kazi hata bila mkataba, na pengine hilo ndilo lililomfanya asihesabu siku.

"Hakuna njia yoyote?" aliuliza.

Bi Truphosa akafunua kurasa, akasoma kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukisoma kipengele hicho mara nyingi bila kumfaa yeyote. Shule ikifungwa, kazi iliyofanywa mahali pengine na watoto wa shule hiyohiyo itahesabiwa, mradi iwe na orodha ya kila siku, yenye tarehe, sahihi ya mzazi, na muhuri wa taasisi iliyotoa mahali. "Lakini nani huwa anaandika vitu kama hivyo wakati wa mgomo?" alisema. "Ukiwa nayo, niletee kabla ya Ijumaa saa kumi. Baada ya hapo faili linaenda kwa mawakili, na mimi sitaweza kulirudisha."

Larissa alishuka ngazi bila kuziona. Kazi alikuwa ameifanya! Siku ya kwanza ya mgomo alikuta geti limefungwa, siku ya pili akawapigia simu wazazi wanaoishi mjini, na kuanzia hapo, kila asubuhi, watoto saba walitandikiwa mikeka katika ukumbi wa kanisa Albert Park. Siku kumi na tatu. Hakuziandika popote. Aliona aibu kuandika, kana kwamba anamtoza mtu. Wazazi walikuwa wanaleta ndizi na maandazi, nani atawaambia waweke sahihi?

Yupo mtu mmoja aliyetaka kuwaambia. Alikuwa Papa Zénon, katibu wa kanisa.

Huko Uvira, Kongo, kabla ya vita, Papa Zénon alikuwa mwandishi wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Durban alikuwa mlinzi wa magari mbele ya mikahawa ya Point, na kizibao chake cha kung'aa, akipokea sarafu kutoka madirishani. Lakini ukarani haukumtoka. Kikao cha kanisa cha dakika kumi kilizaa kumbukumbu za kurasa nne. Harusi, msiba, ununuzi wa spika, kila kitu kiliingia kwenye daftari lake, na mwisho wa kila ukurasa akapiga cachet, muhuri wa duara wa wino wa zambarau ambao hakuacha kuubeba mfukoni kuliko hata simu yake. Vijana walimcheka. Larissa alikuwa wa kwanza kumcheka, na muhuri huo aliuita mambo ya wazee wa Mobutu. Asubuhi ile ya kwanza ukumbini, Papa Zénon alipotokea na daftari na kalamu mbili, alimwambia mbele ya watu: "Papa, hawa ni watoto, si mkutano wa chama. Weka hicho kitabu mbali, unawatisha mama zao."

Papa Zénon akachukua kiti, akaenda kukaa mlangoni. Larissa alidhani kanuna, akaendelea na watoto, na tangu hapo hakumwangalia tena.

Sasa alikuwa anamtafuta kati ya magari ya Point, jua kali, viatu vya ofisi vinambana.

"Papa Zénon, shikamoo. Ile wakati ya mgomo, pale ukumbini. Uliandika?"

Mzee alikuwa anaelekeza gari kurudi nyuma. Alimaliza kwanza gari lake, akapokea sarafu, akainama kushukuru, ndipo akageuka.

"Juu ya nini unauliza?"

Larissa akamweleza yote, siku kumi na mbili, mawakili, viti vya mama. Alipofika kwenye neno muhuri, uso wa Papa Zénon ulibadilika. Haikuwa furaha hasa. Ilikuwa sura ya mtu aliyesubiri basi mwaka mzima na sasa analiona linakuja.

"Cachet," alisema.

"Ndiyo, Papa. Cachet."

"Ile yenye wewe ulisema ni mambo ya bazee ya Mobutu."

"Nilisema, Papa. Unisamehe."

"Eish." Akamwomba mwenzake amshikie magari. "Tuende. Lakini tembea polepole, goti yangu haiko nzuri."

Kabati la kanisa lilikuwa na kufuli mbili, na ndani yake madaftari kumi na moja, kila moja na mwaka wake mgongoni. Papa Zénon alivuta la 2010, akalifunua bila kutafuta. Larissa alisoma akiwa amesimama, kisha akalazimika kukaa.

Yote yalikuwemo. Tarehe kumi na tisa mwezi wa nane, watoto waliofika, saba. Saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Mazoezi: kunyoosha miguu, kukaa bila kushikwa, kusimama na meza. Majina ya wazazi, nambari za simu, sahihi zao, na kwa nyanya mmoja asiyejua kuandika, dole gumba la zambarau. Mzee alikuwa amewasainisha mlangoni, mmoja mmoja, wakati wa kutoka. Chini ya kila ukurasa, cachet. Na kwenye ukurasa wa tarehe tatu mwezi wa tisa, chini ya neno "Tukio", aliandika kwa mwandiko wake wa komini: "Deborah, binti ya Marie-Jeanne, miaka sita, amesimama peke yake. Sekunde nne. Watu wamepiga makofi."

Larissa alikuwa amekwisha kuisahau tarehe ile. Makofi alikuwa anayakumbuka. Akalia pale pale, kwenye kiti cha plastiki, na Papa Zénon akamsogezea daftari mbali ili machozi yasiguse wino.

"Lia upande ule," alisema. "Hii ni document."

Alhamisi asubuhi Bi Truphosa alilipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Hakutabasamu. Alilinganisha majina ya watoto na orodha ya shule. Kisha akachagua nambari moja ya simu, akaipiga, akaweka sauti ya nje. Larissa alishika ukingo wa meza.

"Halo? Naitwa Truphosa, napiga kutoka ofisi ya mfuko. Wewe ni Mama Deborah? Nataka kukuuliza, mwaka jana wakati wa mgomo, mtoto alikuwa wapi?"

"Wakati ya mgomo?" Sauti ya Marie-Jeanne ilijaa chumba. "Alikuwa kwa kanisa, na Larissa! Kila siku! Kuko tatizo? Mwambie mtoto anatembea sasa, anavunja vikombe vyangu yote!"

Bi Truphosa alikata simu, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaandika kwenye faili: mia tano hamsini na nane, jumlisha kumi na tatu. Mia tano sabini na moja.

"Umezidisha siku moja," alisema, na sasa ndiyo akatabasamu. "Huyu mwandishi wenu ni nani? Hapa nina watu wanne wenye digrii, hakuna hata mmoja anaandika namna hii."

"Analinda magari, Madam. Point."

Bi Truphosa akatikisa kichwa, akageukia kompyuta, akachapa barua ya kufuta deni. Larissa aliisoma mara mbili akiwa bado amesimama mbele ya meza, kisha mara ya tatu kwenye robot ya kwanza, taa ya kuongozea magari, ikageuka kijani, watu wakavuka, yeye akabaki. Alijisikia mwepesi mpaka akaogopa kukimbia. Akakimbia hivyo hivyo.

Saluni ilikuwa na mteja mmoja, kichwa nusu kimesukwa. Mama Immaculée alikuwa hajasema neno refu tangu jana. Alimwona binti yake mlangoni na barua mkononi, akamtazama usoni, hakutazama barua. Kisha akaketi kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja, kile ambacho hakuwahi kukikalia miaka kumi, akavua viatu.

"Asante Yezu," alisema taratibu. Safari hii hakucheza. Alitaka tu kukaa.

Papa Zénon alikuwa pale kwenye benchi, amekuja kudai daftari lake. Alilikagua kwanza, kurasa zote zipo, ndipo akaomba barua. Akaisoma mpaka mwisho. Akaigeuza, akatazama nyuma. Akaigeuza tena.

"Cachet iko wapi?"

"Hapa hawapigi, Papa. Wanaweka sahihi tu."

"Deni ya batu inafutwa bila cachet?"

Mama Immaculée alianza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, na mteja akacheka bila kujua anacheka nini, na Larissa naye, siku mbili za hofu zikatoka zote kwa mdomo. Papa Zénon peke yake hakucheka. Aliwangoja wamalize, kwa adabu.

"Papa," Larissa alisema akijifuta macho, "nilikukatalia mbele ya watu. Siku kumi na tatu ulikaa pale mlangoni, na asubuhi ndiyo magari ni mengi. Ulikosa pesa yako. Juu ya nini uliandika, sababu ilikuwa gani?"

Mzee alilifunga daftari, akaliweka magotini.

"Kule Uvira, komini yetu ilichomwa," alisema. "Madaftari yote. Watoto benye walizaliwa, batu benye waliolewa, benye walikuwa na shamba. Mimi ndiye niliwaandika, kwa mkono huu. Kisha tulipokimbia, mtu anafika kwa mupaka, wanamuuliza, weye ni nani? Hana kitu ya kuonyesha. Wananiita mimi, Zénon, sema kama unatujua. Ninawajua wote. Lakini mimi si karatasi, hawakunisikia." Akapangusa jalada la daftari. "Tangu ile siku, mtu akifanya kitu mbele yangu, ninaandika. Akinicheka, ninaandika tu."

Mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inanguruma, Mama Immaculée akanyoosha mkono akaizima.

Larissa alisogeza vitana na mafuta ya nywele pembeni. Alifuta meza kwa kiganja mpaka ikakauka, akaitandaza barua, akaishika pembe zote mbili.

"Piga, Papa."

Papa Zénon alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Akatoa muhuri mfukoni, akauhemea mara moja, akaushusha karibu na sahihi ya Bi Truphosa na kuukandamiza kwa mikono miwili. Alipouinua, duara la zambarau lilikuwa limekaa sawasawa. Akaandika tarehe ndani yake, akampa Mama Immaculée karatasi mkononi.

"Sasa imefutwa," alisema.