Meneja Hanywi Maji

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, shuka la nyumba ya wageni lilikuwa linanuka shombo. Dobi alilishika ncha mbili, akalisogeza puani, akalirudisha kwenye beseni. Jana lilifuliwa, likaanikwa juani, likapigwa pasi. Shuka lililopita mikononi mwake namna hiyo halikuwa na haki ya kunuka chochote.

Aliamini pua yake kuliko maneno ya wateja. Mteja akisema ni chai, yeye alinusa na kujua ni dawa ya kikohozi. Kwa hiyo shombo lilipoanza, alitafuta chanzo chake ndani ya mafurushi ya nguo. Aproni za muuza samaki alizifua peke yake, sabuni akaiongeza maradufu, sakafu akaisugua kwa dawa ya kung'arishia mpaka macho yakamwasha. Harufu ilipotea kwa saa chache, kisha ikarudi.

Wakati wote huo Meneja, mbwa wao, alilala palepale, juu ya nguo zinazosubiri pasi. Jina alilipata kwa sababu alikaa akitazama wenzake wakifanya kazi. Siku hizi alikuwa anaburuta makalio sakafuni, tena mbele ya wateja. Dobi alisema ni minyoo, akampa dawa ya minyoo, akasugua sakafu upya. Nguo alizihoji moja moja, mbwa hakumhoji.

Asubuhi hiyo mkewe aliinama na taulo lenye maji ya uvuguvugu amsafishe. Aliuinua mkia wa mbwa. Meneja, ambaye hakuwahi kumngurumia hata msoma mita, aligeuka akamuuma kiganja cha kushoto.

"Hakubweka," mkewe alisema, akiutazama mkono kama si wake. "Baba watoto, hakubweka kabisa."

Damu ilidondokea shuka. Dobi alijua la kufanya na damu: maji ya baridi, kamwe si ya moto. Alisimama akiwaza maji ya baridi. Aliyemshika wifi yake mkono na kuuweka chini ya bomba alikuwa dada wa dobi, mpiga pasi wao. Aliuosha kwa sabuni, muda mrefu. Alipomaliza aliuliza jambo ambalo kaka yake alikuwa analikwepa: chanjo ya mbwa ilikuwa lini.

Dobi alijibu kwamba mwaka huu aliiahirisha. Mbwa mwenyewe hatoki uani, akapatie wapi ugonjwa? Dada akamkumbusha wakati wa mvua, lango liliposahauliwa wazi, mbwa koko mmoja akaingia, wakararuana na Meneja kwenye mfereji wa maji ya sabuni.

"Kaka, mbwa anayemuuma anayemlisha, kichwani kwake kumebaki nini?" dada alisema. "Ita watu wenye bunduki kabla hajaongeza mwingine."

Walimfunga kamba kwenye chumba cha pasi. Hospitalini mke alichomwa sindano ya kwanza ya kinga, akaambiwa siku za kurudi. Daktari wa mifugo alifika alasiri. Alivaa glavu nene, akamfunga Meneja mdomo kwa bandeji, akamwomba dobi amshike kifua. Kisha akainua mkia.

Upande wa kushoto wa njia ya haja kubwa palikuwa na uvimbe mwekundu, umeiva, na katikati yake kitundu. Daktari aliubonyeza taratibu. Usaha wenye damu ulitoka, na harufu ikajaa chumba kizima. Dobi aligeuza uso, halafu akaurudisha. Lilikuwa shombo lilelile.

Daktari alieleza huku akisafisha. Mbwa ana vijifuko viwili pale, kimoja kila upande, na kwa kawaida vinajikamua akienda haja. Kimoja kikiziba, kilichomo kinaoza, panawasha, mbwa anaburuta makalio. Kikiachwa kinakuwa jipu. "Ungeguswa jipu mahali hapo," alisema, "hata wewe ungeuma."

Dada aliangua kicheko, kile kinachomtoka mtu aliyebana pumzi tangu asubuhi. Dobi naye alitabasamu. Daktari hakucheka.

"Jipu lipo," alisema. "Hilo halithibitishi kwamba kichaa cha mbwa hakipo."

Akawapa masharti. Mbwa atengwe, asiguswe, aangaliwe anavyokula na kunywa. Akishindwa kumeza, au udenda ukianza kumtiririka, yeye daktari apigiwe simu papo hapo. Dobi aliuliza kitakachofuata. Daktari akamjibu waziwazi: angeuawa, na ubongo wake ungepelekwa kupimwa. Alimchoma Meneja dawa ya usaha, akamvisha kola ya plastiki iliyopanuka kama faneli ili asirambe kidonda, akamfungua mdomo na kuondoka.

Dobi aliweka kopo la bati lenye maji kwenye kona, kati ya meza ya pasi na ukuta, mahali lilipokaa siku zote. Akafunga mlango wa wavu, watatu wakasimama nje.

Meneja alilifuata kopo. Aliinamisha kichwa. Akasita, akajirudisha nyuma kwa kushtuka. Alijaribu tena, akashtuka tena, akayangurumia maji. Uzi wa udenda ulining'inia mdomoni.

"Anayaogopa," dada alinong'ona.

Dobi hakuwa anamwaza mbwa. Aliiwaza bandeji nyeupe mkononi mwa mkewe, na kitu ambacho huenda tayari kilikuwa chini yake, kikitembea polepole. Maisha yake yote alikuwa amegundua mambo kwa pua. Ugonjwa huu haukuwa na harufu. Alimpigia daktari simu, akaeleza alichokiona. Daktari alimwambia asimguse. Anarudi, na sindano ya mwisho anakuja nayo.

Mke hakubanduka kwenye wavu. Meneja alilijaribu kopo mara nyingine.

"Sikiliza," mke alisema.

"Nimeona ya kutosha, mama watoto."

"Sikukuambia uone. Nimekuambia sikiliza."

Dobi alisikiliza. Ko. Plastiki ya kola juu ya bati la kopo. Sauti ilikuja kwanza, mshtuko ukafuata. Ulimi ulikuwa bado haujayafikia maji.

Mke alikwisha kwenda. Alirudi akiliburuta kwa mkono mmoja beseni pana la kusuuzia, likimwaga maji kila upande, na dada akamshikia ukingo wa pili. Dobi alifungua mlango upenyo wa kupitisha beseni tu. Kwa mti wa kuinulia kamba ya nguo alilisukuma mpaka kamba ya mbwa ilipofika, akafunga.

Pikipiki ya daktari ilizimwa langoni. Hakuna aliyegeuka.

Meneja alilizunguka beseni. Alishusha kichwa, na kola yote ikaingia ndani ya ukingo bila kugonga. Kichwa kilibaki huko. Kwa muda hapakusikika kitu. Kisha wakasikia ulimi ukipiga maji, na chini ya plastiki koo likaonekana likipanda na kushuka, likipanda na kushuka.