Faini ya Manyoya

Nchi ya Mbawani msiitafute kwenye ramani, hamtaiona. Na kama kuna mwenye nchi yake atakayesoma hapa akajishuku, shauri yake. Mimi nasimulia habari za ndege tu.

Huko Mbawani palikuwa na genge refu la mawe, limejaa matundu kutoka chini hadi juu, nalo liliitwa Genge la Elimu. Makinda waliokwisha kuota manyoya walitumwa huko na wazazi wao kutoka kila pembe ya nchi wakajifunze safari ndefu: kuusoma upepo, kuvuka nyika kavu, kuyafuata mawingu ya mvua na kurudi na habari zake. Masika yakiisha, wa mwaka wa mwisho waliruka bonde mbele ya Mfalme. Aliyefika ng'ambo alihesabiwa msomi. Aliyeshindwa alirudi kwao kula makombo ya wenzake maisha yake yote. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto gengeni alilala na njaa wala hakunung'unika.

Wanafunzi walilala kwenye matundu ya serikali. Kujijengea kiota karibu na genge kulikatazwa, ati kunaharibu sura ya mji mkuu. Mlezi wa matundu alikuwa Hondohondo, mama mtu mzima mwenye mdomo mkubwa na moyo laini, na hivyo viwili havikai vizuri pamoja kwa mtumishi wa serikali.

Zamani sheria ya matundu ilikuwa fupi: aliyebomoa, ajenge. Ukichafua utafagia, ukivunja utaziba, yamekwisha, shikamoo mlezi, marahaba mwanangu. Kisha akatawazwa Mfalme Mbuni. Mbuni mnamjua, ni ndege kwa jina. Ana mabawa mapana ya kujipepea, na hajapaa hata kimo cha kichuguu. Yeye akaona kufagia na kuziba hakuiingizii serikali kitu. Akaamuru makosa yote ya matunduni yalipwe kwa manyoya.

Mwanzoni yalikuwa malaika, yale manyoya laini ya kifuani ambayo hata upepo huyachukua bure. Nani angelalamika kwa hilo? Hondohondo mwenyewe alisema adhabu ndogo humfunza mtoto adabu. Lakini aliyezoea kuchukua haoni pa kukomea. Mwaka haukuisha, faini ikahamia mkiani, na kutoka mkiani ikapanda mabawani. Kurudi umechelewa jioni, faini. Kumlaza ndugu yako aliyekuja kukujulia hali, faini. Kuimba jua likishazama, faini. Kikionekana kitu kimevunjika na mvunjaji hajulikani, safu nzima inalipa. Na usipolipa kwa wakati, palikuwa na faini ya kuchelewesha faini. Wahenga walisema kawia ufike. Mbawani ukikawia, ulinyonyolewa.

Kazi ya kunyonyoa ilikuwa ya Hondohondo, na manyoya yalikwenda kwa Mhazini Kunguru. Kunguru alipenda kusema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba chenyewe kilikuwa godoro la Mfalme, maana Mfalme alisema miguu yake mirefu inashikwa na baridi. Godoro lilikuwa limeinuka mpaka analipanda kwa ngazi.

Basi mwaka huo palikuwa na binti mmoja wa mwaka wa mwisho, Mbayuwayu, mtoto wa mjane wa mbali kusini. Hakuna aliyeruka kama yeye gengeni, na walimu walikwisha kusema waziwazi kwamba huyu atafika. Tundu lake lilikuwa na ufa juu. Mvua ikinyesha, analala amesimama. Alimwambia Hondohondo, Hondohondo akamwambia Kunguru, Kunguru akajibu kwamba fungu la matengenezo limekwisha, asubiri mwakani.

Sasa mbayuwayu hajui kusubiri kwenye jambo la nyumba. Huyo ni mwashi wa kuzaliwa. Kwao wanafundishwa kwamba paa likivuja, aibu ni ya anayelala chini yake. Binti akashika njia ya mtoni, akabeba udongo mdomoni, tonge kwa tonge, akauchanganya na mate kama alivyofundishwa na mama yake, akauziba ufa ule mpaka ukawa haujulikani ulipokuwa. Mto ulikuwa mbali. Jioni kadhaa alirudi jua limekwisha kuzama.

Kunguru alipopita kukagua, akainua macho, akaona paa kavu. Akauliza kibali kiko wapi. Kibali hakikuwapo. Basi ikawa faini ya kugeuza tundu la serikali, na faini ya kuchelewa, na kwa kuwa mkia wa binti ulikwisha kwenda kwa makosa ya safu nzima, Kunguru akaandika manyoya ya ncha za mabawa yote mawili. Na siku ya kuruka bonde ilikuwa imekaribia.

Hondohondo hakulala vizuri. Asubuhi akaenda barazani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe.

"Mtukufu Mfalme," alisema, "tundu lilikuwa linavuja. Mtoto amelitengeneza. Tunamtoza kwa kutufanyia kazi yetu."

Kunguru akajibu kwa upole. Alisema hakuna aliyeikataa kazi ya binti, ni kazi safi kabisa. Ila tundu ni mali ya serikali, na ufa wake pia ni mali ya serikali. Kila mtu akianza kuziba anapoona panavuja, nchi itabaki na nini cha kutawala?

"Nini cha kutawala," alisema Waziri Kasuku, ambaye kazi yake barazani ilikuwa hiyo.

Hondohondo akaomba walau faini ingoje, binti aruke kwanza. Alieleza kwamba unyoya wa ncha ndio unaoshika upepo, ukiung'oa leo hauoti kesho, na ndege asiye nao ni kama amefungwa jiwe. Mfalme alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, na hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililomkata maini Hondohondo. Mfalme kweli hakuelewa.

"Mama Hondohondo, nitazame mimi. Manyoya ninayo tele, na sijaruka hata siku moja. Nimepungukiwa nini?"

"Umepungukiwa nini, Mtukufu," alisema Kasuku.

Jibu Hondohondo alikuwa nalo. Lilifika mpaka ncha ya mdomo. Lakini akalikumbuka tundu lake la utumishi, la juu, kavu, lenye jua la asubuhi, na kiinua mgongo alichokuwa anakikaribia, akalimeza. Akainamisha kichwa, akasema hewala.

Alimkuta Mbayuwayu tunduni, anamngoja. Hondohondo akaanza kueleza kwamba sheria si yake, kwamba amejaribu, kwamba amefika mpaka kwa Mfalme mwenyewe. Binti akamsikiliza kwa heshima zote, kisha akanyoosha bawa.

"Vuta tu, Bibi Mlezi," alisema. "Ukitetemeka ndiyo inauma zaidi."

Akavuta. Bawa moja, kisha la pili. Yule mama aliumia, sikatai, aliumia sana. Lakini aliondoka pale na manyoya yake yote, na mtoto akabaki hana.

Siku ya kuruka ilipofika, Hondohondo alimsihi asiende. Abaki, manyoya yaote, aruke mwakani. Binti akamwuliza abaki wapi. Tundu lilitakiwa lirudishwe siku ileile, na anayebaki hutozwa unyoya kwa kila siku anayolala. Angekaa kungoja manyoya yaote huku yanang'olewa. Tena mama yake alikwisha kuwaambia majirani wote kwamba binti anamaliza. Alisema upepo akiuona mzuri atafika.

Akauchagua upepo, maana hilo hakuna aliyeweza kumnyonyoa. Akajirusha. Wallahi aliruka vizuri. Hakuwa na mkia wala ncha za mabawa, alijishikilia kwa ujuzi tu, na makinda waliokuwa kwenye matundu wakaanza kushangilia. Katikati ya bonde upepo ukageuka kidogo, upepo wa kawaida tu wa asubuhi, ambao ndege mzima angeugeukia bila kuufikiria. Yeye hakuwa na cha kugeukia. Alianguka kwenye mawe ya chini, mbele ya jukwaa la Mfalme.

Mfalme akauliza kama hiyo nayo ni sehemu ya maonyesho. Kasuku akasema ni sehemu ya maonyesho.

Mama yake alifika baada ya habari kumfikia, amechoka na safari, na hakumsalimu mtu. Aliomba mwili wa mwanawe akamzike kwao. Kunguru akampa pole, pole ya adabu kabisa, kisha akamweleza kwamba marehemu ameacha deni. Tundu halikurudishwa katika hali yake ya awali. Serikali ilitoa tundu lenye ufa, imerudishiwa lisilo na ufa, na mpaka hilo limalizwe mwili hautoki.

Makinda walichungulia kutoka kila tundu. Mama Mbayuwayu hakubishana, hakupiga mayowe. Akauliza jambo moja tu, ni nani aliyemnyonyoa mwanawe.

"Mimi," alisema Hondohondo.

Mama akamgeukia.

"Basi ninyonyoe wewe. Sitaki mdomo nisioujua."

Akatandaza bawa lake chini. Hondohondo akasogea, akafumbua mdomo, na mdomo ukakataa kufumba.

"Siwezi, dada."

"Kwake uliweza."

Hakungoja zaidi. Akageuza shingo, akajing'oa mwenyewe, unyoya baada ya unyoya, akiulaza kila mmoja miguuni pa Kunguru, mpaka Kunguru aliposema inatosha. Hapo yule mama hakuwa na kitu cha kumpeleka juu hata kwenye tawi. Akamwinamia mwanawe, akajaribu kumbeba, akashindwa.

Ndipo makinda wakaanza kushuka gengeni. Hawakuruka, wengi wao hawakuweza tena. Walishuka kwa miguu, wakiparaza mawe, wakamshika Mbayuwayu pande zote, wakamwinua. Kunguru akawapigia kelele kwamba kuondoka bila ruhusa kuna faini, kuacha tundu wazi kuna faini, kukusanyika kuna faini. Mfalme, aliyezisikia kelele kutoka ikulu yake jirani, alitokeza kichwa juu ya godoro akasema waacheni waende, manyoya yao yamebaki huku. Naye alisema kweli, yalibaki. Mwaka uliofuata mvua ilichelewa, na baraza likatafuta wa kutumwa kuyafuata mawingu, likakuta genge tupu. Mfalme Mbuni alikufa kwa kiu juu ya kitanda laini kuliko vyote duniani. Ajabu iko wapi? Lakini hayo ni ya mwakani.

Siku ile msafara ulikwenda taratibu nyikani, mama mbele, makinda wamebeba nyuma yake, na mwisho kabisa Hondohondo, ambaye hakuna aliyemwita. Alikuwa ameliacha lile tundu la juu bila kuaga. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemsemesha. Walitembea wakichomwa na miiba ambayo hawakuwahi kujua kama ipo. Mchana wakafika mahali njia inapogawanyika, na mama akasimama.

Alisimama muda mrefu mpaka waliobeba wakaanza kuchoka. Hondohondo akasogea mbele, akauliza kwa sauti ndogo ni ipi inayokwenda kwao.

"Sijui," alisema Mama Mbayuwayu. "Nilikuja kwa kuruka."

Makinda wakatazamana, na kila mmoja akamwangalia mwenzake mabawa. Kisha wote wakamgeukia Hondohondo. Katika msafara ule ni yeye peke yake aliyekuwa na manyoya kamili. Akayakunjua mbele yao kwa aibu, akapaa kwenda kuwatazamia njia.