Kiti cha Dirishani

Mchana wa Sikukuu ya Wafu, Odile Garrec alitoa keki ya matofaa kwenye oveni akapanga vikombe. Watu walikuwa wanatoka makaburini kupeleka maua, na marehemu wao wanawafuata nyuma, kama kila mwaka. Mzee Lucas, muuza nyama aliyekufa zamani, alikuwa ameshakaa mezani kwa Odile, anaulizia siagi.

"Umekufa na bado unakula hivi?" Berthe, wifi yake Odile, akamtania.

"Sasa daktari atanifanya nini?"

Anselme, marehemu mume wa Odile, hakuja. Ilikuja miwani yake, koti lake na moshi wa kiko. Ndivyo alivyokuwa. Maisha yake yote aliandika riwaya zisizo na mtu ndani: meza, mlango, mvua kwenye kioo, kurasa kwa kurasa. Alisema mtu akishaingia tu kwenye hadithi, anaanza kulia, na vitu vinanyamaza. Wasomi wa Paris walimpigia makofi. Odile alimpikia.

Sasa wanamkumbuka kwa kusoma riwaya yake ya mwisho, ile ya jiko hilihili. Kinachosomwa kinakuwa. Berthe akisoma kwamba birika linachemka, linachemka, hata kama gesi imezimwa. Gesi yenyewe ghali, kwa hiyo hakuna anayelalamika.

Mwaka huu Odile aliomba asome yeye. Alikaa kwenye kiti chake cha dirishani, akasoma kisu, akasoma mkate. Halafu: "Dirishani pana kiti, na Odile amekaa."

Miwani ikamgeukia.

"Wifi," Berthe akasema, "hiyo haimo."

"Najua haimo. Miaka yote yeye anaandika pale, mimi nimekaa hapa. Mstari mmoja tu, Berthe, nao ni mwingi?"

"Unataka kumharibia kaka yangu kitabu? Lete."

"Anselme, hebu mwambie dada yako."

Miwani ikaingia ukungu, ikajifuta kwa kitambaa cha meza, ikarudi kutazama vikombe.

Berthe akasoma kama ilivyoandikwa: "Dirishani pana kiti. Kiti ni kitupu."

Kikawa kitupu, na Odile bado amekikalia. Wageni walikuwa wanazidi, na makoti hayana pa kuwekwa, wakayarundika hapo, mapajani mwa Odile, moja juu ya lingine, bado yana baridi ya makaburini. La Anselme likaja lenyewe, mwisho kabisa. Odile akaliinamia, akalinusa kola, akayakumbatia yote yasianguke.