Mkwe Anayekuja na Waya

Jumanne ile mkwe wake alipobisha hodi alasiri, peke yake, Mama Siagi alijua moja kwa moja kwamba nyumba ya binti yake inaungua. Si kwa moto, kwa maneno. Tangu ndoa ile ifungwe, mwanamume yule hakuwahi kukanyaga pale bila mkewe. Walikuwa wakija pamoja mara mbili tatu kwa mwaka. Ataamkia akiwa bado mlangoni, atakaa kwenye ncha ya kochi kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari, atakunywa chai nusu kikombe, kisha atavitazama viatu vyake mpaka mkewe amwonee huruma na kuaga. Mtu mrefu, mpole, kazi yake kupima watu macho na kuwatengenezea miwani. Mama Siagi hakuwa na neno naye. Tatizo ni kwamba hakuwa na neno naye lolote, la kheri wala la shari.

Jina hilo la Siagi alipewa na wateja. Alikuwa mwoka keki, na katika keki zake majarini haikuruhusiwa hata kupita karibu.

Basi alimkaribisha, akampa chai. Mkwe akanywa kikombe kizima. Hapo mama mtu akaanza kuogopa. Akaongeza cha pili, nacho kikaenda. Mpima macho alikohoa, akasogeza sahani, akatazama nje dirishani, akarudi kukohoa. Mama Siagi akakumbuka kwamba juzi binti yake kwenye simu alikuwa na sauti nzito na akasingizia mafua. Mafua gani hayo? Akaona asiyaache mambo yaharibike zaidi. Akavuta kiti, akaanza kumweleza kijana kwamba vyombo vya kabati moja havikosi kugongana, kwamba yeye mwenyewe na marehemu mumewe waligongana sana na hakuna kilichovunjika ila birika, na kwamba binti yake ana ulimi wa upanga lakini moyo wake ni pamba.

Mkwe alisikiliza yote kwa heshima, kichwa chini, uso umemjaa mshangao. Mama mtu alipofika kwenye habari ya kuvumiliana, ndipo kijana akapata pa kuingilia.

"Mama," akasema, "mimi nimekuja kuomba umeme."

Kisha ikatoka hadithi yote, na kwa mtu wa maneno machache ilitoka ndefu. Kampuni yake ilifungua kliniki katika mji huu wa mama mkwe, ikampangia kuja kila Jumanne na Alhamisi. Lile gari lake la petroli lilikuwa linakula mshahara kabla haujafika nyumbani, kwa hiyo akaliuza, akanunua kigari cha umeme, kidogo, kilichokwishapita mikononi mwa watu wawili. Hesabu ya matumizi ilikuwa tamu kweli: pesa aliyokuwa akiimimina kwenye tangi kwa safari moja, sasa ilimtosha safari nne. Kasoro ilikuwa betri. Kilipokuwa kipya, walisema, kigari kile kingeenda na kurudi bila wasiwasi. Sasa betri ilikuwa kama mtu wa makamo: kazi inafanya, lakini katikati lazima ipumzike. Kilomita themanini, mwisho. Kutoka kwake hadi hapa ni hamsini na tano. Kuja kulikuwa rahisi, shughuli ilikuwa kurudi. Kliniki yenyewe iko ghorofani, magari yanaegeshwa ng'ambo ya barabara, na hakuna waya unaofika huko. Alhamisi iliyopita ilibidi aegeshe kwenye karakana ya fundi wa magodoro, akachaji huku amekaa juu ya bidhaa, na leo karakana imefungwa.

"Sasa ulikuwa unangoja nini kusema?" aliuliza Mama Siagi.

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia, mama."

Mama Siagi alicheka mpaka akashika ukuta. Akamchukua mkwe wake hadi jikoni, akasogeza mapipa ya unga, wakapitisha waya dirishani na kuuchomeka kwenye soketi ya karibu na friji. Nje, kile kigari kikawasha taa ndogo ya kijani. Mama mtu akatoka kukitazama. Hakuelewa jinsi mtu mwenye miguu ile anavyoenea mle ndani. Lazima alikuwa anajikunja kama kisu cha mfukoni.

Kuchaji kulihitaji saa tatu. Na mama mkwe na mkwewe wataongea nini saa tatu? Siku ya kwanza waliongea habari za gari. Siku ya pili wakaongea tena habari za gari. Mama Siagi, kama mfanyabiashara yeyote, alitaka kujua kilomita moja inakula kiasi gani, na kama ni kweli halibadilishwi oili. Mkwe akamwambia ni kweli, hakuna oili, hakuna plagi za injini. Kinachoisha ni matairi, na maji ya kioo. Mama mtu akasema basi mafundi gereji watakufa njaa. Mkwe akasema ndiyo maana wanamtazama vibaya akipita. Lilikuwa ndilo neno la kwanza la utani kumsikia akilisema, na alilisema akiangalia viatu.

Suala la malipo lilileta kasheshe. Mpima macho alitaka kulipa umeme, Mama Siagi akakataa katakata. Mkwe akija hapa anakunywa chai bure, alisema, leo gari lake likinywa ndiyo lilipiwe? Kijana akarudi kwenye chai yake, na mama mtu akadhani ameshinda. Hakujua kwamba kila akienda kuchomoa waya, mkwe wake alikuwa akipitia kwenye mita nyuma ya nyumba na kuingiza yuniti alizonunua kwa simu.

Wiki zikapita, na Mama Siagi akaanza kuona ajabu. Asubuhi oveni inawaka, alasiri gari linachaji, na yuniti kwenye mita, badala ya kushuka, zinapanda. Akaipiga mita kofi dogo, hazikushuka. Kwa kuwa ni mtu asiyependa kashfa, akaona heri ajishtaki mwenyewe kabla hajaja mtu kumshika kwa wizi wa umeme. Akapiga simu shirika la umeme. Fundi akaja na begi lake, akabonyeza bonyeza, akasema mita ni nzima kama kigongo, ila kuna mtu anayempenda sana huyu mama, maana kila Jumanne na kila Alhamisi anamnunulia umeme.

Alhamisi hiyo mkwe alipofika, hakupewa chai kwanza. Aliambiwa kwamba nusura amfunge mama wa watu kwa wema wake. Akaomba radhi, akatetea hesabu zake, na mwisho wakapatana: pesa basi, lakini mkono wa mtu haukatazwi kazi.

Kazi yenyewe haikukawia kupatikana, kwa sababu keki za alasiri zilipoanza kuagizwa, oveni na gari havikupatana hata kidogo. Vikiwashwa pamoja swichi kuu inaanguka, nyumba nzima inazimika. Ilipotokea mara ya kwanza, keki iliyokuwa inaumuka vizuri ilibonyea katikati kama godoro la gesti. Kuanzia hapo ikawa zamu: oveni kwanza, gari baadaye. Na mtu anayesubiri zamu ya gari lake anaweza kupiga mayai. Ikaonekana kwamba mikono iliyozoea vioo na skrubu ndogo ndogo za miwani inapiga mayai kwa utulivu wa ajabu. Na mdomo, mikono ikiwa na kazi, ukafunguka. Mama Siagi akapata kujua kwamba kijana huyu anajua kuiga sauti za wagonjwa wanaokisia herufi ukutani, na kwamba binti yake, mwenye ulimi wa upanga, anaogopa mende.

Kisha ikaja Alhamisi ya keki ya mwalimu mkuu.

Mwalimu huyo wa kike alikuwa anastaafu, na shule yake, iliyoko kileleni mwa mlima wa pili kutoka mjini, iliagiza keki ya ngazi tatu yenye krimu nyeupe. Ilitakiwa iwe mezani saa kumi. Mkwe alimaliza wagonjwa mapema akaja kusaidia, na kwa kuwa oveni ilikuwa kazini tangu asubuhi, waya haukupata nafasi. Saa tisa kasoro, keki ikiwa imepambwa inameremeta, dereva wa kirikuu, ile pikapu ndogo, aliyezoea kumbebea Mama Siagi mizigo akapiga simu kusema injini imekufa njiani na anasubiri kuvutwa.

Mama Siagi aliketi juu ya pipa la unga. Jua la nje lilikuwa la kukaanga yai juu ya bati. Mpima macho alikwenda kwenye kigari, akarudi akasema zimebaki kilomita ishirini na nne, na shule iko kumi na sita. Lakini kumi na sita za kupanda, akaongeza. Kisha akasema yaliyokuwa moyoni.

"Mama, nikiwasha kiyoyozi, gari halifiki. Nikikizima, keki haifiki."

Mama Siagi alimtazama, akaitazama keki.

"Basi washa," akasema. "Gari linasukumwa. Keki haisukumwi."

Ngazi mbili zikawekwa kwenye kiti cha mbele na kufungwa mkanda kama abiria wa maana. Ile kubwa ya chini Mama Siagi alikaa nayo nyuma, ameipakata. Wakaondoka polepole, kiyoyozi kikipuliza, radio imezimwa, mkwe anashika usukani kwa ncha za vidole kama vile uzito wa mikono nao unakula umeme. Kwenye tambarare mambo yalikuwa shwari. Walipouanza mlima, zile namba zikaanza kuporomoka: kumi na tisa, kumi na tano, kumi na moja, na shule bado haionekani. Mama mtu, kwa kila kona, alikuwa anaikumbatia keki na kunong'ona dua ambayo haikueleweka kama ni ya krimu au ya betri.

Ng'ambo ya daraja kengele ndogo ikalia na namba zikafutika kabisa. Mahali pake pakatokea picha.

"Huyo kobe anafanya nini hapo?" aliuliza Mama Siagi.

Mkwe akaeleza kwamba kobe maana yake gari limeamua kutembea polepole ili lisife. Kweli likapunguza mwendo lenyewe. Mwanamke aliyebeba ndoo aliwapita, akawasalimia, akawaacha. Mpima macho jasho lilimtiririka ndani ya baridi ile, lakini mguu wake haukutetereka, na Mama Siagi, aliyetazama kisogo chake kwa muda wote huo, alijikuta anamwambia taratibu, "Twende hivyo hivyo, baba. Unajua unachofanya." Wakaingia lango la shule kwa mwendo wa maiti, wakasimama kivulini karibu na ukumbi, na gari likazima. Krimu haikuwa hata na ufa.

Waya ulipitishwa kwenye dirisha la chumba cha walimu. Kwa kuwa safari ya kurudi ilitaka chaji, hawakuwa na la kufanya ila kuhudhuria sherehe. Walipewa viti vya mbele. Wakasikiliza hotuba saba, zote zikimsifu mwalimu mkuu kwa ufupi wa maneno yake. Keki ilipokatwa, ukumbi ukapiga makofi, na mwenyekiti wa kamati akamwita Mama Siagi ajitambulishe, pamoja na kijana wake. Mama mtu alisimama, akafungua mdomo kueleza kwamba huyu ni mkwe, lakini mpima macho, yule wa ncha ya kochi, alishatangulia.

"Mimi ndiye mpiga mayai," akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma.

Watu wakacheka, na Mama Siagi akacheka kuliko wote. Muziki ulipoanza, alimvuta mkwe wake mkono, wakasakata dansi mpaka viatu vya mama vikawekwa kando. Mpima macho alicheza vibaya sana, lakini bila aibu. Katikati ya wimbo wa pili simu yake ikaita. Alikuwa mkewe, anataka kujua yuko wapi. Akamwambia, "Niko dansini na mama yako." Mkewe akauliza mara mbili ni mama yupi.

Waliporudi, mlima ulikuwa wa kushuka. Mkwe alimwonyesha mama mtu kwamba gari likishuka linajichaji lenyewe, na Mama Siagi, safari hii amekaa kiti cha mbele, alihesabu kila kilomita iliyoongezeka kama mtu anayepokea chenji yake.

Wiki iliyofuata alimwita fundi umeme, akavuta laini ya pili nene, ya gari peke yake, hadi pembeni ya dirisha la jikoni. Sasa oveni na gari vinawaka pamoja na swichi haianguki. Keki za Jumanne na Alhamisi zinapelekwa na kigari, na dereva wa kirikuu amebakiwa na siku nyingine. Nani anamdai nani kati ya umeme na usafiri, hakuna aliyepiga hesabu, na hakuna anayetaka kupiga. Binti analalamika kwamba mumewe anarudi nyumbani ananukia vanila na anajua habari za majirani wa mama kuliko yeye.

Juzi juzi binti huyo alipiga simu kwa furaha. Kituo cha mafuta cha njia kuu kimefunga mashine ya kuchaji, ile ya haraka, nusu saa tu umemaliza. Mumewe hatahangaika tena kukaa jikoni kwa watu. Mama Siagi alisema ni jambo jema, akaweka simu chini, akaendelea kuchekecha unga.

Mkwe alikuwa pale pale mezani, bakuli mbele yake, mikono ya shati imekunjwa.

"Kile kituo nimekisikia," alisema, akivunja yai. "Lakini mama, umeme wao ni ghali mno."